Baba amepata kiharusi, nani asaini?

Maswali ya wasomaji kuhusu uzee, ulemavu na makaratasi ya familia

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinagusa jambo moja: mtu wa nyumbani ambaye hawezi tena kujisimamia mbele ya benki, ofisi au mahakama, au hatoweza siku za usoni. Tumechagua sita. Majina tumeyaondoa na barua tumezifupisha.

Shikamooni wahariri. Baba yetu ni mstaafu, ana miaka 74. Miezi minne iliyopita alipata kiharusi. Mkono wa kulia hauinuki na maneno yanatoka kwa shida, lakini anatutambua na tukimwambia jambo anaelewa. Pensheni inaingia benki, na anayeitoa ni kaka mkubwa kwa kadi ya baba. Sasa kaka anataka baba asaini karatasi ya kumpa madaraka yote, pamoja na nyumba. Mama yupo hai. Inawezekana? Na tukingoja apate nafuu kwanza?
Binti yake, Morogoro

Marahaba, na poleni kwa kuuguza. Inawezekana, na msingoje. Karatasi anayoitaja kaka yako ni hati ya uwakilishi, na hati hiyo ina tabia moja ambayo familia nyingi huijua ikiwa imeshachelewa: inaishi kwa akili ya aliyeitoa. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, uwakala unakoma pale aliyeutoa anapofariki au anapopoteza akili timamu. Maana yake, kiharusi cha pili kikichukua fahamu za mzee, hati inakufa siku hiyo hiyo, hata kama ina mihuri kumi. Uingereza wanayo hati maalumu inayoendelea kufanya kazi baada ya akili kuondoka, na fomu zake zimejaa mtandaoni. Tumeona watu wakizichapa na kuzijaza. Kwa sheria za Tanzania karatasi ile haimbebi mzee wako baada ya akili kwenda.

Hati ya uwakilishi basi ni ya kipindi hiki mlichomo sasa, mwili umechoka na akili ipo. Kupooza mkono si kupoteza akili. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoendesha mkono wa kulia, na kwa watu wengi ndio unaoendesha maneno pia, ndiyo maana baba amepungukiwa na vyote viwili kwa pamoja. Lakini mtu wa nje akimwona mzee hawezi kutamka, huwa mwepesi kuamua kwamba haelewi. Na mtoto ambaye hakupendezwa na hati atakuja kusema hivyo hivyo mahakamani. Kazi yenu ni kuacha ushahidi wa siku ya kusaini.

Anzeni na daktari anayemtibu. Mwombeni barua yenye tarehe ya siku ya kusaini au ya jana yake. Isiseme tu kwamba "mgonjwa anaendelea vizuri". Barua ya namna hiyo haina kazi. Iseme kwamba mzee anajua mali aliyo nayo, anajua mke na watoto wake, anajua hati inampa nani uwezo gani, na anajua kwamba anaweza kuifuta. Mtu asiyeweza kusema haulizwi "Baba, unakubali?" kwa sababu kichwa kitatikisika kwa kila swali. Wekeni mbele yake picha tatu za watoto na kumuuliza nani amtolee pesa benki, aonyeshe kwa mkono wa kushoto. Baada ya nusu saa badilisheni mpangilio wa picha, mwulizeni tena. Akionyesha picha ile ile, daktari ana jambo la kuandika. Fanyeni asubuhi, akiwa amekula na amelala vizuri. Mgonjwa wa kiharusi huchoka haraka, na jibu la saa kumi jioni linaweza kuwa si la saa tatu asubuhi.

Kisha wakili ambaye ni Kamishna wa Viapo aje nyumbani. Wote watakaopewa madaraka watoke chumbani, kaka mkubwa akiwa wa kwanza. Hati isomwe yote kwa Kiswahili, au kwa lugha ya kwao kama ndiyo anayoielewa zaidi, na chini ya alama yake iandikwe kwamba imesomwa kwa lugha hiyo naye ameonyesha kuielewa. Maneno hayo mafupi ndiyo ngao ya mtu asiyesoma, asiyeona au asiyeweza kuandika. Hati nyingi za dole gumba huanguka kwa sababu hayapo. Gumba litumike la kushoto, na pembeni iandikwe "dole gumba la kushoto, mkono wa kulia umepooza". Kidole kifutwe kikauke, kiguse wino kidogo, kiviringishwe mara moja tu kwenye karatasi kutoka upande mmoja wa ukucha hadi wa pili. Wino ukizidi, mistari inazibika na alama inageuka doa. Na asije mtoto akamshika baba mkono na kuubonyeza. Kama kifundo kinatetemeka, akishike muuguzi au wakili, na jambo hilo liandikwe kwenye hati.

Sasa "madaraka yote". Hapo tunamkatalia kaka yako, bila kumdhania ubaya. Hati ya jumla namna hiyo inaogopesha ndugu na, ajabu yake, haifungui milango. Ofisa wa benki akiona maneno "kushughulikia mambo yangu yote" bila namba ya akaunti, atairudisha. Andikeni hati mbili. Ya kwanza iwe ya pensheni, benki na hospitali: jina la benki, tawi, namba ya akaunti, namba ya mstaafu kwenye mfuko wa pensheni, na kazi zenyewe zikitajwa moja moja, yaani kutoa pesa, kuomba taarifa ya akaunti, kufanya uhakiki (kuuthibitishia mfuko kwamba mstaafu yu hai), kulipia matibabu. Ya pili iwe ya nyumba: kupokea kodi ya wapangaji, kulipa kodi ya pango la ardhi, kufanya matengenezo. Neno "kuuza" na neno "kuweka rehani" yasiwemo. Hata yakiwemo, mama yenu ana haki yake: kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinazuia mume au mke kuuza, kutoa au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na mwakilishi hawezi kuwa na uwezo kuliko huyo aliyemtuma. Nyumba kama ina hati miliki, hati ya uwakilishi ilipiwe ushuru wa stempu na isajiliwe kwa Msajili wa Hati.

Mkitaka wawakilishi wawili, andikeni waziwazi kama wanafanya kazi pamoja au kila mmoja anaweza peke yake. "Pamoja" kuna usalama, lakini mmoja akisafiri dawa hazinunuliwi, na mmoja akifariki hati inakwama. Njia tunayoipendelea: mmoja atoe peke yake hadi kiwango cha matumizi ya mwezi, juu ya hapo wasaini wawili. Benki inaweza kuweka agizo hilo kwenye akaunti. Saini nakala halisi nne: benki, mfuko wa pensheni, ardhi, nyumbani. Kila hati iwe na namba za kitambulisho cha taifa (NIDA) na picha ndogo za baba na za mwakilishi.

Kadi ya baba iwekwe pembeni hati ikishapokelewa. Tunajua kila mtaa una mstaafu ambaye kadi yake iko kwa mjukuu, lakini namba ya siri si ruhusa ya kisheria, na siku pesa ikipotea benki itasema mteja alitoa siri yake mwenyewe. Ombeni ofisa wa benki aje nyumbani kubadilisha saini kuwa alama ya gumba. Na kabla uhakiki wa wastaafu haujafika, uandikieni mfuko kwamba mzee hawezi kutembea. Pensheni nyingi zinazosimama ghafla husimama kwa sababu mstaafu hakuhakikiwa, na familia huhangaika benki wakati tatizo liko kwenye mfuko.

Ikitokea akili imeondoka kabla hamjasaini, acheni kabisa habari ya hati. Msimbonyeze gumba mzee asiyejua ni saa ngapi. Njia inayobaki ni mahakama, chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2008: ndugu anaomba, ripoti ya daktari inawekwa, mahakama inajiridhisha kwamba mgonjwa hawezi kusimamia mali yake, kisha inamteua msimamizi. Pelekeni orodha kamili ya mali na madeni, majina ya mke na watoto wote, na karatasi ya ridhaa yenye saini za ndugu wote. Ndugu mmoja akikosekana kwenye orodha hiyo, yeye ndiye atakayekuja kupinga. Msimamizi anafanya yaliyo kwenye amri tu, na anawajibika kutoa hesabu. Kwa hiyo daftari lianze siku ya kwanza, tarehe, kiasi, kazi, risiti imegundishwa.

Assalaam aleikum. Mimi ni mjane wa miaka 61. Nina binti wawili walioolewa na kijana wa miaka 26 mwenye ulemavu wa akili, hawezi kuhesabu pesa wala kukaa peke yake. Nina nyumba yangu mwenyewe, vyumba vitatu nimepangisha. Wazazi wangu wamefariki. Jirani amenishauri niandike wosia nyumba yote iwe ya kijana. Ni sahihi?
Mama yake, Tanga

Waaleikum salaam, mama. Nia ni njema, lakini chombo alichokushauri jirani hakikufai. Kwa Muislamu, wosia hauzidi theluthi ya mali, na haumpi mrithi kitu mpaka warithi wengine waridhie baada ya wewe kufariki. Kijana wako ni mrithi. Ukifariki leo ukiwa umeacha watoto hao watatu tu, nusu ni ya kijana na kila binti ana robo. Nyumba moja ya nusu na robo mbili ni rahisi kuuzwa wagawane, na kijana akabaki na pesa asiyoweza kuihesabu.

Zipo njia mbili zinazokufaa zaidi, zote za wakati wa uhai wako. Ya kwanza ni hiba, kumpa sasa. Hiba ina nguzo tatu: tamko la mtoaji, kukubali kwa anayepewa, na kukabidhi. Inayovunja hiba nyingi ni ya tatu. Mama anaandika karatasi, kisha anaendelea kupokea kodi na kuitumia kama yake, na nyumba inabaki kwa jina lake. Akifariki, warithi wanasema hapakuwa na makabidhiano, na mara nyingi wanashinda. Kwa kuwa kijana hawezi kukubali mwenyewe, awepo msimamizi wa kupokea kwa niaba yake, jina libadilishwe, na kodi kuanzia hapo iingie kwenye akaunti ya matunzo yake. Kuwapa watoto sawasawa ndilo agizo la asili, ila wapo wanazuoni wanaoruhusu kumzidishia mwenye haja kama maradhi ya kudumu. Kaa na mabinti wako na shehe mnayemwamini, mlizungumze wazi, waandike kwamba wameelewa.

Njia ya pili ndiyo tunayoiona bora kwa nyumba kama yako: wakfu. Unaifunga nyumba isiuzwe wala isirithiwe. Kijana akae chumba kimoja na kodi ya vilivyobaki imtunze maisha yake yote, na baada yake iende kwa wajukuu au kwa jambo la kheri ulilolitaja. Unamteua msimamizi wa wakfu na wa pili wa kumrithi, unaandika paa likivuja ilipwe kutoka fungu gani, na hati inasajiliwa. Uzuri wake ni kwamba hakuna atakayemrubuni kijana asaini mauzo, kwa sababu hana cha kuuza. Ubaya wake ni kwamba haurudi nyuma, hivyo usiifunge nyumba ambayo wewe mwenyewe unaweza kulazimika kuiuza kwa matibabu.

Kuna jambo la pili ambalo hukuliuliza nalo ni la haraka zaidi. Mamlaka ya mzazi juu ya mtoto, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, yanahusu aliye chini ya miaka 18. Kijana wako ana 26. Hospitali na ofisi zinakuachia usaini kwa sababu wewe ni mama yake na kila mtu anakujua. Ukiondoka, binti yako hana karatasi yoyote. Omba mahakamani msimamizi sasa, wewe na binti mmoja pamoja, ukiwa bado na nguvu za kupanda ngazi za mahakama. Kabla ya hapo hakikisha kijana ana cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, ripoti ya daktari inayotaja hali yake kwa jina, na ameandikishwa kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Marehemu baba yake kama alikuwa mwanachama wa NSSF au mfuko wa watumishi wa umma, uliza kwa maandishi jinsi wanavyomtambua mtoto mwenye ulemavu aliyepita umri, na hifadhi jibu lao.

Na andika daftari lake. Si kwa ajili ya mahakama, ni kwa ajili ya mtu atakayeamka naye asubuhi ya kwanza wewe usipokuwepo. Dawa gani, vidonge vingapi, saa ngapi, kabla au baada ya kula. Anaogopa nini. Akiumwa tumbo anafanyaje, kama hawezi kusema. Anaoga maji ya moto au ya baridi. Nani mtaani anampenda, na nani asiachwe naye peke yake. Tumia maneno ya kila siku, na lipitie kila mwaka.

Wasomaji wasio Waislamu wanaotuuliza jambo hili hili: ninyi mnaweza kuandika wosia unaoiacha nyumba mikononi mwa wadhamini wawili, mtoto aishi humo na kutunzwa kwa mapato yake hadi mwisho wa maisha yake, kisha igawiwe ndugu zake. Mkifuata sheria za kimila zilizotangazwa mwaka 1963, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua anahitaji wanne, wawili kwa wawili. Mrithi asiwe shahidi. Andikeni kwa wino usiofutika, wekeni tarehe, na wosia unaweza kutunzwa RITA, wakala wa Serikali wa usajili na udhamini, ambako hautaliwa na mchwa wala kufichwa na shemeji.

Nimestaafu juzi nikiwa na miaka 60, mkupuo wangu umeingia. Watoto wanashauri nijenge fremu za biashara kwenye kiwanja cha pembeni ya mji. Mke wangu ana kisukari na miguu imeanza kumsumbua. Mnasemaje?
Mstaafu, Dodoma

Mzee wetu, hongera kwa kumaliza utumishi salama. Fremu tungeziweka mwisho. Fremu isiyo na mpangaji haiuziki haraka, nawe una mgonjwa ambaye gharama zake zitapanda, si kushuka.

Anza na daftari la matunzo. Kaa na mkeo mwandike mwezi wa kawaida, kisha mwezi wa siku ambayo hawezi tena kutembea. Pampasi za wakubwa tatu au nne kwa siku ni kati ya 90 na 120 kwa mwezi. Watu hushtuka wakifika hapo. Ongeza mshahara wa msaidizi, usafiri wa kliniki, vijiti vya kupimia sukari, na dawa ambazo bima haitoi. Toa pensheni ya mwezi kwenye jumla hiyo. Pengo linalobaki ndilo mkupuo wako, ile fedha ya mara moja ya kustaafu, unatakiwa kuliziba, kwa miaka 20 au zaidi.

Fedha ya miezi 12 ya pengo hilo iwe mahali inapotoka haraka, akaunti ya akiba au mfuko wa ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya Serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambao hulipa ndani ya siku chache za kazi. Kubwa lililobaki, tazama hatifungani za Serikali, yaani unaikopesha Serikali nayo inakulipa riba, zinazouzwa na Benki Kuu. Unaanza na shilingi 1,000,000, unafungua akaunti ya dhamana kupitia benki au dalali aliyeidhinishwa, na riba inalipwa mara mbili kwa mwaka. Kwa mfano wa hesabu tu: milioni 30 kwenye hatifungani ya riba ya asilimia 10 zinaleta milioni 3 kwa mwaka, yaani milioni 1.5 kila miezi sita, sawa na 250,000 kwa mwezi. Hitilafu huja mtu anapoweka yote kwenye hatifungani ya miaka 20, kisha anahitaji pesa mwaka wa tatu. Kuuza sokoni inawezekana, lakini kama riba za soko zimepanda, utauza kwa bei ya chini kuliko uliyonunulia. Gawa kwenye muda mfupi na mrefu. Na hati yako ya uwakilishi, usaini sasa ukiwa mzima, itaje na akaunti hiyo ya dhamana. Wengi hutaja benki wakaisahau.

Usimdhamini mtoto mkopo kwa nyumba unayoishi. Na mtu akikujia na mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, kwa dhamana ya kadi yako ya pensheni, mfungulie mlango wa kutokea.

Mzee wetu aliugua, akatuita hospitalini, akasema mbele ya watu watano kwamba shamba la Taita apewe mdogo wetu mlemavu. Aliruhusiwa kurudi nyumbani, akafariki miezi mitano baadaye. Ndugu mmoja asema maneno hayo si kitu. Sisi ni Wakristo.
Mombasa

Poleni na msiba. Ndugu yenu, kwa bahati mbaya, ana sheria upande wake. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inakubali wosia wa mdomo ukitamkwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, lakini ni lazima mwenye kuutamka afariki ndani ya miezi mitatu. Mitano imepita, kwa hiyo urithi wake unakwenda kama wa mtu asiyeacha wosia. Mama yenu, kama yu hai, ana haki ya vyombo vya nyumbani na ya kutumia mali iliyobaki katika uhai wake.

Hilo halina maana kwamba mdogo wenu amekosa. Warithi wote watu wazima wakikubaliana kwa maandishi kutimiza maneno ya mzee, mahakama inaweza kuthibitisha mgawanyo huo. Hao watano waandike viapo vyao mapema, kila mmoja peke yake, kabla kumbukumbu hazijachanganyikana. Chukueni cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja warithi wote bila kumruka mtu, mfungue ombi. Litatangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi ana siku 30. Makubaliano yakishindikana, mdogo wenu, kwa kuwa ni mtoto wa mzee, anaweza kuomba mwenyewe, kama mtegemezi, atengewe fungu linalomtosha. Ombi hilo liwekwe kabla urithi haujathibitishwa. Baada ya hapo mlango umefungwa.

Mzee angaliandika karatasi moja mbele ya mashahidi wawili wasio warithi, ile siku aliyorudi kutoka hospitali, barua hii msingeiandika.

Bibi yangu wa Makunduchi ana miaka 72, hakuwahi kuajiriwa. Kuna anachostahili? Na hawezi kwenda kupanga foleni.
Mjukuu, Unguja

Anastahili. Zanzibar inalipa Pensheni Jamii tangu Aprili 2016 kwa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, aliyeajiriwa na asiyeajiriwa. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na imepandishwa baadaye. Mwone sheha na kitambulisho cha Mzanzibari cha bibi. Tatizo la kawaida ni mwaka wa kuzaliwa uliokosewa kwenye kitambulisho: mzee wa miaka 72 anasomeka ana 66. Kitazameni leo kabla ya siku ya kuandikishwa, kwa kuwa marekebisho huchukua muda. Mwambieni sheha mapema pia kwamba bibi hatembei, ili mtu wa kumpokelea aandikwe tangu mwanzo.

Baba alifariki wiki iliyopita hapa Dar. Pensheni ya mwezi huu imeingia jana na kadi tunayo. Tumetumia gharama nyingi za mazishi. Tunaweza kuitoa?
Watoto wake

Poleni sana. Msiitoe. Hati yoyote ya uwakilishi aliyowapa baba ilikoma alipofariki, na pesa iliyo kwenye akaunti sasa ni mali ya mirathi. Fedha ya pensheni iliyoingia baada ya kifo mfuko utaidai, na aliyeitoa ndiye atakayetafutwa, maana mashine ya benki ina kamera na tarehe.

Pelekeni taarifa ya kifo benki na kwenye mfuko wiki hii. Fanyeni kikao cha ukoo, muhtasari usainiwe na waliohudhuria wote, mumpendekeze msimamizi wa mirathi, kisha mfungue shauri Mahakama ya Mwanzo mkiwa na cheti cha kifo. Akishateuliwa, ana miezi minne ya kurudisha orodha ya mali na madeni kwa fomu namba tano. Risiti za jeneza, gari, turubai na chakula wekeni kwenye bahasha moja na majina ya waliolipa. Gharama za mazishi zenye kiasi hulipwa kutoka kwenye mirathi kabla ya mgao, na aliyelipa bila risiti ndiye hubaki akibishana na ndugu zake.